Njia Mbili za Kwenda Gharnata: Safari ya Kutazama na Hukumu ya Swala Yake

Anayetaka kutoka Córdoba kwenda Granada kwa gari, miji ambayo vitabu vyetu huiita Qurtuba na Gharnata, hupewa ushauri wa aina mbili. Mwenye haraka ataambiwa ashike barabara kuu inayoteremka kusini hadi karibu na Antequera, kisha ageuke mashariki apite Loja. Hiyo ni kiasi cha kilomita 200 za barabara pana, na hutaona kitu ila malori na vibao. Asiye na haraka ataambiwa achukue barabara ya zamani iitwayo N-432, inayokata kusini mashariki kupitia Espejo, Castro del Río, Baena, Alcaudete na Alcalá la Real. Hiyo ni kiasi cha kilomita 160, na kwa mwendo wa kawaida haifiki saa tatu. Na mwenye siku nzima mkononi ataambiwa azunguke zaidi, apite Montilla, Cabra, Lucena na Priego, kisha airudie ile ya kwanza pale Alcalá la Real. Wahispania wenyewe wameziunganisha njia hizi za kutazama na kuziita Njia ya Ukhalifa.

Swali la ipi nzuri zaidi ni la dereva. Lakini ndani yake mna swali la faqihi, nalo limeandikwa vitabuni kabla gari halijajulikana: mtu akiiacha njia fupi akashika ndefu kwa sababu ya uzuri wake tu, je, swala yake ni ya msafiri?

Tuanze na yasiyo na mgogoro. Ruhusa ya kupunguza swala imetajwa katika aya ya 101 ya Suratun-Nisaa na ikathibiti kwa matendo ya Mtume (s.a.w.). Ibn Rushd, mzaliwa wa Qurtuba mwaka 520 Hijria (1126 Miladia) na kadhi wake baadaye, aliyagawa mambo waliyohitilafiana wanavyuoni katika kupunguza swala mafungu matano ndani ya Bidayatul-Mujtahid: hukumu yenyewe, umbali, aina ya safari, mahali pa kuanzia, na muda wa kukaa. Anayepanga safari hii yatamgusa yote matano, na mawili kati yake yatamgusa kabla hajawasha gari.

Umbali kwa Imamu Malik na Imamu Shafi'i ni maili 48 za zamani, ambazo kwa hesabu iliyozoeleka leo ni kiasi cha kilomita 81, na wengine huzifikisha karibu na 90. Kutoka Qurtuba hadi Gharnata umbali huo unapitwa kwa njia yoyote utakayoishika. Kwa hiyo mwenye nia ya Gharnata tangu mwanzo hupunguza, awe amepita njia kuu ya haraka au amezunguka milima kwa ajili ya kutazama. Uzuri wa njia haubadilishi kitu hapa. (Na mtoto mwingine wa Qurtuba, Ibn Hazm, aliyefariki mwaka 456 Hijria, angeona tunajisumbua bure, kwani katika Al-Muhalla anaona kwamba mwendo wa maili moja tu unatosha kuitwa safari.)

Mgogoro unaanza pale safari inapokatika. Chukua mtu aliyekwenda Qurtuba na kunuia kukaa wiki nzima. Kwa madhehebu yetu ya Shafi'i huyo amekuwa mkazi na anatimiza swala zake. Siku ya tano anataka kwenda Baena kutazama mashamba ya zaituni na mafuta yanayoupa mji ule jina, kisha arudi jioni. Kwa N-432 Baena ni kiasi cha kilomita 60, chini ya kiwango. Lakini akiteremka Montilla, akapita Aguilar na Cabra, akapanda Doña Mencía na kuingia Baena kwa upande wa pili, atakuwa amekwenda zaidi ya kilomita 90. Mji ni ule ule, ila njia moja ni ya msafiri na nyingine ni ya mkazi.

Imamu Nawawi ameigusa mas'ala hii katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa pwani yetu wamekisoma kwa karne nyingi. Anasema kwa maana: mwenye njia mbili, ndefu na fupi, akashika ndefu kwa lengo kama vile wepesi au usalama, atapunguza, la sivyo hatapunguza, kwa kauli iliyo dhahiri zaidi. Washereheshaji wake wakauliza: je, kujiburudisha ni lengo? Wakajibu kuwa ndiyo. Mtu akiichagua njia ndefu ili kuipumzisha nafsi kwa mandhari na hewa nzuri, hilo ni jambo ambalo watu hulikusudia kwa kawaida, nalo linahesabika. Kinachokataliwa ni kuirefusha njia bila sababu yoyote ila kuipata ile ruhusa. Kwa hiyo mtu wetu wa Baena, akizunguka Cabra kwa ajili ya kuitazama milima, atapunguza swala yake ya Adhuhuri.

Wamaliki ni wakali zaidi, na inafaa tuwasikilize kwa sababu nchi hii ilikuwa yao. Ni Yahya bin Yahya al-Laythi, aliyefariki mwaka 234 Hijria, aliyeifikisha Muwatta ya Imamu Malik Qurtuba kwa riwaya inayojulikana zaidi duniani mpaka leo, na makadhi wa Andalusia wakahukumu kwa madhehebu hayo. Katika Mukhtasar ya Khalil imeelezwa kuwa anayeiacha njia fupi pasipo udhuru hapunguzi. Wahanafi wamekwenda upande wa pili kabisa: wao huitazama njia uliyopita kweli, hawaulizi sababu, ingawa umbali wao ni ule wa mwendo wa siku tatu. Wahanbali nao hukubali kupunguza kwa aliyeshika njia ya mbali.

Liko sharti jingine ambalo vijana wa leo hulipuuza. Makundi mengi hukodi gari na kusema, "Tutafika popote barabara itakapotupeleka." Kwa Shafi'i huyo ni haa'im, mtu anayetangatanga, naye hapunguzi hata akizunguka mwezi mzima, kwa kuwa hakukusudia mahali maalumu tangu mwanzo. Kuiandika Gharnata kwenye karatasi kama mwisho wa safari ni jambo dogo, lakini ndilo linalomtoa katika hukumu hiyo. Vituo vya katikati anaweza kuvibadili apendavyo.

Na lipo zito kuliko hilo. Katika Fat'hul-Mu'in imetajwa kuwa hapunguzi anayesafiri kwa ajili ya kuona nchi tu, kwa kauli sahihi zaidi. Wengi huuliza, basi burudani iliyokubaliwa pale juu imekwenda wapi? Wanavyuoni wametofautisha: burudani inayokusudiwa kuiondolea nafsi dhiki ni lengo, ama kuhama mji baada ya mji bila shabaha, macho yakizunguka tu, si lengo. Mimi naona kwamba anayekwenda Andalusia kuyajua yaliyowapata Waislamu na kuona walipokaa wenye vitabu anavyovisoma, huyo ana lengo lililo safi, bali ni katika kutafuta elimu. Lakini nia haiombwi kwa wakala wa safari. Kila mtu aitazame yake.

Kitabu hicho hicho kimemtaja pia mwenye deni lililofika muda wake, naye anao uwezo wa kulilipa, akasafiri bila idhini ya mdai wake. Huyo naye hana ruhusa ya kupunguza. Tikiti ya ndege hadi Hispania si jambo dogo kwa mtu wa kwetu. Aliyeinunua huku ada ya madrasa ya watoto au deni la duka limelala asihangaike na hesabu za kilomita.

Sasa tuingie njiani. Qurtuba yenyewe ina Msikiti Mkuu ulioanzwa na Abdurrahman wa Kwanza mwaka 169 Hijria (785 Miladia) na kupanuliwa na waliomfuata hadi zama za al-Mansur. Mji ulichukuliwa na Mfalme Ferdinand wa Tatu mwaka 1236, msikiti ukageuzwa kanisa, na kuanzia mwaka 1523 kikajengwa kanisa kuu katikati ya nguzo zake. Mgeni huingia kwa tikiti. Swala ya Waislamu hairuhusiwi humo, na walinzi wako macho: mwaka 2010 kundi la vijana Waislamu kutoka Austria walijaribu kuswali, ukazuka ugomvi na baadhi yao wakakamatwa.

Msomaji atauliza: si msikiti huo bado, kwa kuwa wakfu haufutwi na mshindi? Hiyo ni hoja yenye uzito kwa msingi wa madhehebu yetu. Lakini rakaa mbili za kuuamkia msikiti ni sunna, na sunna haitafutwi kwa ugomvi na fedheha ya Waislamu wanaoishi pale, hasa kwa mtu aliyeingia kwa kulikubali sharti la mwenye mlango. Imamu Nawawi ametaja katika Al-Adhkar kauli ya baadhi ya wanavyuoni kwamba asiyewahi rakaa hizo kwa udhuru alete tasbihi, tahmidi, tahlili na takbiri mara nne. Hakuna mlinzi anayeweza kuuzuia ulimi.

Simama mbele ya mihrabu ya al-Hakam wa Pili, iliyopambwa kwa vijiwe vya dhahabu vilivyopangwa kwa ufundi wa Rumi ya Mashariki, kisha toa dira. Utaona kuwa jengo limeelekea kusini zaidi kuliko kibla cha hesabu za leo, ambacho kutoka Qurtuba ni karibu mashariki kamili, kikiinamia kusini kidogo tu. Inasimuliwa kuwa al-Hakam alipopanua msikiti alifikiri kukirekebisha, akashauriwa abaki na waliyokuwa nayo waliotangulia. Kwa msafiri faida ni hii: gari linaloelekea Gharnata linakwenda kusini mashariki, kwa hiyo barabara inaponyooka, kibla kiko upande wa kushoto kidogo wa pua ya gari. Dira iwe mfukoni hata hivyo, kwani barabara za milimani hazinyooki.

Ukishavuka Wadil-Kabir na kuyaacha majengo ya mwisho ya mji, ndipo ruhusa ya kupunguza inaanza, si nyumbani wala hotelini. Mbele yako vinafunguka vilima vya ngano na alizeti, kisha zaituni, na zaituni hiyo haitakwisha mpaka Gharnata. Nenda polepole hapa. Al-Qurtubi, mwenye tafsiri mashuhuri, alikuwa kijana wa mji huu. Katika tafsiri yake ya Suratu Aali Imran anaeleza kuwa asubuhi ya tarehe 3 Ramadhani mwaka 627 Hijria (1230 Miladia) maadui waliwavamia watu wakiwa kwenye viwanja vyao vya kupuria nafaka, wakaua na kuteka, na miongoni mwa waliouawa alikuwa baba yake. Akiwa na maiti ya baba yake, kijana yule alikwenda kuuliza mas'ala: je, huyu ni shahidi wa vita asiyeoshwa, au aoshwe na kuswaliwa? Mwalimu wake akamwambia amuoshe na kumswalia, kwa kuwa hakuuawa katikati ya safu mbili za vita. Kadhi mmoja akasema hukumu yake ni ya waliouawa vitani. Kadhi mwingine pamoja na mafaqihi wake wakasema amuoshe, amvishe sanda na kumswalia. Akafanya hivyo. Baadaye akaiona mas'ala ile katika vitabu, akasema kwamba lau angeijua kabla asingemuosha babake, bali angemzika katika nguo zake zenye damu. Miaka sita baada ya uvamizi ule Qurtuba ikaanguka, naye akaishia Misri, alikofariki mwaka 671 Hijria. Mimi sijui ukurasa mwingine wa fiqhi wenye uchungu kama huo, na mahali pake ni mashamba haya haya.

Espejo huonekana kwa mbali, nyumba nyeupe juu ya kilima na ngome kileleni. Baada ya Baena geuka kidogo upande wa kulia uone Zuheros, ngome ndogo iliyokaa juu ya jabali kama kiota. Ngome ni nyingi kwa sababu ya historia: tangu mkataba wa Jaén mwaka 1246 hadi mwisho wa karne ya kumi na tano, milima hii ilikuwa mpaka kati ya Qashtala na Gharnata, na kila kilima kilihitaji jicho. Aliyeshika njia ya Lucena ataonyeshwa mnara ambamo yasemekana alifungwa Abu Abdillah, sultani wa mwisho wa Gharnata, baada ya kutekwa katika vita vya mwaka 1483.

Kuhusu chakula, tahadhari ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani, maana nguruwe huingia pasipotarajiwa. Salmorejo, supu baridi ya nyanya, mkate na mafuta ya zaituni, ni halali kwa asili yake, lakini huletwa mezani ikiwa imenyunyiziwa vipande vya nguruwe juu. Sema mapema wasitie. Vitamtamu vingine vya nchi ile hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Jibini, zaituni, mkate, mayai na samaki vinamtosha msafiri hadi Gharnata, ambako maduka ya nyama ya halali yapo. Na mashamba ya mizabibu utakayoyapita Montilla ni ya mvinyo. Kuyatazama hakuna tatizo.

Kituo cha kuswali ninachokipendekeza ni Alcalá la Real, iliyo baada ya nusu ya njia. Wakati wa kiangazi usishangae: saa za Hispania zimevutwa mbele, na mwezi wa Juni Adhuhuri huingia karibu saa nane na dakika ishirini mchana, na jua huzama karibu saa tatu na dakika arobaini na tano usiku. Aliyetoka Qurtuba asubuhi hufika hapa kabla ya Adhuhuri, akapanda ngomeni, akashuka wakati umeingia, akaswali rakaa mbili za Adhuhuri na mbili za Alasiri kwa kuzikusanya. Akitanguliza Alasiri katika wakati wa Adhuhuri, aanze na Adhuhuri, anuie kukusanya akiwa ndani yake, na asitenganishe baina yao kwa muda mrefu. Mwenye kufuata Abu Hanifa haikusanyi hapa, ataswali kila moja kwa wakati wake.

Mji huu kwa Kiarabu uliitwa Qal'at Bani Said, ngome ya ukoo wa Said. Katika ukoo huo alitoka Ibn Said al-Maghribi (610–685 Hijria), aliyekikamilisha kitabu cha Al-Mughrib, ambacho watu sita walikiandika kwa kupokezana kwa miaka 115. Huyu huyu, katika kitabu chake cha jiografia, aliitaja Malindi na Mombasa. Mji ulichukuliwa na Alfonso wa Kumi na Moja mwaka 1341, na ndipo ukaitwa "wa Mfalme".

Kutoka hapo barabara inateremka. Kwenye uwanda, siku isiyo na mawingu, milima ya theluji itajitokeza mbele, na chini yake Gharnata.

Ikulu ya al-Hamra yataka mipango. Tikiti hununuliwa siku nyingi kabla, ina jina la mgeni, na ina saa maalumu ya kuingia kwenye kasri za Banu Nasr, ukichelewa umeikosa. Saa hiyo ikiangukia mwanzo wa Adhuhuri, msafiri anayo njia: aichelewesha Adhuhuri na kuikusanya na Alasiri, ila nia ya kuchelewesha lazima iwe ndani ya wakati wa Adhuhuri. Akighafilika mpaka wakati ukatoka bila nia, amepata dhambi na swala imekuwa kadha. Ndani, ukutani, utasoma mara nyingi maneno ya Banu Nasr kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu.

Tarehe 2 Januari 1492 (897 Hijria) mji ulikabidhiwa kwa mkataba uliowahakikishia Waislamu dini na misikiti yao. Kufikia mwaka 1499 mkataba ulikuwa umevunjwa, watu wakabatizwa kwa nguvu na vitabu vikachomwa. Al-Wansharisi wa Fez alikuwa ametoa fatwa kwamba wenye uwezo wahame. Lakini waliobaki na kulazimishwa walimwandikia mufti wa Oran, naye mwaka 910 Hijria (1504) akawajibu kwa fatwa ya huruma: waswali hata kwa ishara, walipe usiku swala walizozuiwa mchana, watayamamu hata kwa kupangusa ukuta. Fatwa hiyo ilinakiliwa pia kwa Kihispania chenye herufi za Kiarabu. Walidumu hivyo hadi wajukuu wao walipofukuzwa nchini kati ya mwaka 1609 na 1614.

Katika mtaa wa kale wa Albaicín, kando ya uwanja wa San Nicolás unaoitazama al-Hamra, msikiti ulifunguliwa mwezi wa Julai mwaka 2003. Hapo huhitaji ruhusa ya mtu. Ukiswali nyuma ya imamu mkazi, timiza rakaa nne pamoja naye ingawa wewe ni msafiri.

Na hesabu siku zako. Kwa Shafi'i siku ya kuingia na ya kutoka hazihesabiwi. Aliyeingia Gharnata Jumanne akinuia kuondoka Jumamosi ana siku tatu kamili, atapunguza. Akinuia kuondoka Jumapili zimetimia nne, naye ni mkazi tangu alipofika. Atatimiza swala zake, na Ijumaa itamlazimu pamoja na wenyeji. Wallahu a'lam.